Mkono au Mashine

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Nimefundisha kidato cha pili somo la msuguano nikiwa peku, soksi zangu zimetundikwa dirishani kama bendera. Hakuna mwanafunzi aliyecheka mbele yangu. Nilipogeuka ubaoni sijui.

Kwenye ujenzi kazi zimesimama mpaka mvua zikatike. Msimamizi amempigia simu mdogo wangu, na nilikuwa nimekaa karibu nikasikia kila neno. "Kiti chako cha winchi kiko palepale. Mvua zikiisha uje nikupime. Ukifaulu, unapanda. Usipofaulu nitakuweka getini, na juu nitapandisha mwingine." Ni mtu wa haki yule. Wengine wangekuwa wameshampandisha huyo mwingine.

Mdogo wangu wanamwita Mnara, jina la kazini, na hata sisi nyumbani tumelizoea. Tangu ndevu zake hazijajaa yeye kazi yake ni kukaa juu kabisa kwenye zile winchi ndefu za majengo, akiinua vyuma na matofali. Mwaka jana waya ulikatika ukampiga kifundo cha mkono wa kulia. Mishipa imeshonwa, mfupa umeunga, sasa vilivyobaki ni vidole. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia acheze gemu za kompyuta kila siku kwa mkono huohuo, na ule wa kushoto aulaze mapajani usije ukamwibia kazi. Basi tukamtafutia kompyuta na gemu ya winchi. Unainua mzigo, unauvusha juu ya jengo, unaushusha kwenye mraba mwekundu bila kuuyumbisha.

Leo jioni ameweka padi ya gemu chini akasema, "Dada, vidole vyangu vinapokea amri leo, vinatekeleza kesho."

Mama akampapasa mgongo. "Pole, baba. Usijilazimishe."

Hilo "usijilazimishe" sikulipenda. Mimi nimeamua atapanda.

Machi 4, Jumanne

Mvua. Madaftari ya kusahihisha yamenifika shingoni.

Machi 8, Jumamosi

Leo kwa mara ya kwanza nimekaa kitako kumtazama akicheza. Najionea haya kusema hivyo, lakini ndiyo hali ilivyokuwa. Akiwa anacheza sote tulikuwa tunapita kwa kunyata, kama vile kuna mgonjwa amelala. Tulikuwa tunamhurumia hata kumtazama hatumtazami.

Niandike vyombo vilivyopo, maana bila hivyo nitajichanganya mwenyewe. Sebuleni kuna televisheni aliyoleta mjomba, kubwa kupita kiasi, ukitazama taarifa ya habari unaona mpaka vinyweleo vya pua ya mtangazaji. Mjomba aliileta kwa mikono yake siku Mnara alipotoka hospitali, akasema mgonjwa aone vizuri. Ndiyo Mnara anaitumia kama kioo cha kompyuta. Lile sanduku lenyewe la kompyuta, ambalo watu wote wanaliita sipiyu, liko chumbani kwa mama, kwa sababu sebule inavuja pembeni na soketi ya kuaminika iko huko. Waya umepitishwa chini ya pazia la mlango.

Nilichoona ni magonjwa mawili, siyo mmoja. Wa kwanza: anasukuma kijiti cha padi, na ndoano kwenye kioo inachelewa kidogo ndipo iitike. Huo upo muda wote. Wa pili: picha inakwama, inaganda kidogo, halafu inaruka mbele, na mzigo tayari umeshapita mraba. Huo huja na kuondoka.

"Nipe nijaribu," nikamwambia.

"Wewe? Wewe hata baiskeli ilikushinda."

Nimejaribu. Nimebomoa ukuta, nimeangusha mapipa, nimegonga winchi nyingine iliyokuwa imekaa kwa amani yake. Mnara amecheka mpaka akashika mbavu. Ni vizuri amecheka, lakini kwa jaribio langu hakuna kilichothibitishwa, kwa kuwa mimi ningebomoa hata kwa mashine ya mbinguni.

Machi 11, Jumanne

Nimesoma mtandaoni walivyoandika wenye shida kama yetu. Kila mmoja ana dawa yake na kila mmoja anaapa. Nimetoka shule mapema, nikapunguza ubora wa picha, nikabadilisha programu ya kadi ya picha, nikazima vitu vinavyojiendesha chinichini, nikachomeka padi kwa waya badala ya hewani, nikazima ule mpangilio unaoizuia picha isitoke mpaka kioo kiwe tayari, vyote kwa pamoja. Gemu ikakataa kufunguka kabisa.

Mnara akanitazama kwa upole wa makusudi. "Mwalimu, si wewe unayewaambia watoto wabadilishe kitu kimoja kimoja?"

Nimemwambia anyamaze. Imenichukua jioni nzima kurudisha kila kitu kilipokuwa. Uzuri ni kwamba padi kwa waya nimeiacha, na imesaidia kidogo. Au tunajidanganya.

Machi 13, Alhamisi

Fundi wa kompyuta amekuja. Mama alitangulia chumbani, "Ngoja nitoe nguo zangu kitandani," halafu akatukaribisha. Fundi amefungua sanduku, amepuliza, amechungulia, amelifunga.

"Safi. Feni zinazunguka. Mashine nzima hii."

"Sasa mbona inachelewa?"

Akatazama mkono wa Mnara, lile kovu, akasema bila hata kushusha sauti, "Msiisingizie mashine."

Nimemsindikiza mpaka barabarani mvua ikimnyeshea, na sikumpa mwavuli. Niliporudi Mnara alikuwa ameshazima televisheni.

Machi 14, Ijumaa

Hakugusa padi.

Machi 16, Jumapili

Hakugusa padi. Amemwambia mama kwamba getini nako ni kazi, unakaa kwenye kibanda, huloi. Mama amesema, "Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo." Halafu akawa anaimba wakati wa kukunja nguo. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba.

Nimemfuata Mnara kibarazani. Nikamwambia sitaki kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama mkono ni mbovu, aende getini na mimi nitambebea chakula. Lakini nataka tujue.

"Unataka kujua nini, Dada? Chini ya mzigo kuna watu. Nikichelewa kule siyo gemu."

"Ndiyo maana nataka kujua, siyo kukisia."

Mvua ikapiga bati. Mwisho amesema, "Mpaka mvua ziishe. Baada ya hapo usinisumbue." Nimempa mkono, akaupokea kwa ule wa kulia, akaubana kwa nguvu zake zote kunikomesha. Nguvu anazo.

Machi 19, Jumatano

Kikao cha walimu. Nimechora winchi ukingoni mwa karatasi.

Machi 22, Jumamosi

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe wino.

Wazo lilinijia nikiwa namenya viazi. Ucheleweshaji unaweza kuwa umekaa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kuanzia Mnara anapoona mpaka kidole kinapobonyeza. Hiyo ni ya mkono. Sehemu ya pili ni kuanzia kidole kinapobonyeza mpaka ndoano inapotikisika kwenye kioo. Hiyo mkono hauhusiki nayo hata kidogo. Hata angekuwa na mkono wa chuma, pale ni mashine na televisheni tu. Sisi tulikuwa tunavipima vyote viwili kama kitu kimoja, halafu tunaulaumu mkono. Nimefundisha vipimo miaka yote hii, jamani!

Simu yangu ina ile video ya mwendo wa polepole. Nikaisimamisha kwenye mkebe wa sukari ili ione padi na kioo kwa wakati mmoja. Nikamwambia Mnara abonyeze kitufe cha taa ya winchi, abonyeze tu, asilenge chochote.

Tumeitazama video tumebanana kwenye kochi. Kidole kinashuka. Kidole kimefika chini. Kidole kimekaa chini. Kidole kimekaa. Kidole kimekaa. Taa haijawaka. Mnara akaanza kusogea mbele ya kochi. Kidole bado kimekaa. Taa ikawaka.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Kisha nikamwambia atumie mkono wa kushoto.

"Nimekatazwa."

"Nitamjibu mimi mtaalamu wako. Bonyeza mara moja tu."

Huo mkono wa kushoto haujawahi kuumwa hata mafua. Akabonyeza. Video ikaonyesha kidole kimefika, kimetulia, kinasubiri, na taa inakuja kwa raha zake, imechelewa vilevile. Mnara aliiweka mikono yote miwili juu ya magoti akawa anaitazama, wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Macho yalimjaa machozi na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.

Baada ya hapo nilibadilisha kitu kimoja kimoja, kwa utiifu. Nilifungua mipangilio ya televisheni. Kumbe televisheni ya mjomba ina kazi nyingi ya kufanya kabla haijakuonyesha chochote. Inalainisha picha, inakoleza rangi, inapunguza chembechembe, na muda wote huo mtu kashabonyeza anasubiri. Ndiyo maana vinyweleo vya pua vinaonekana. Ndani kabisa ya mipangilio kuna hali ya gemu, ambayo inaiambia iache urembo ilete picha haraka. Nimeiwasha. Video nyingine. Safari hii kidole na taa karibu vilikuwa pamoja.

Amecheza. Ameshusha mzigo kwenye mraba mwekundu na haukuyumba. Akaniuliza, "Umeona?" Nimeona.

Mama alikuwa amesimama kwenye pazia. "Hongera, baba," akasema, akarudi chumbani.

Machi 23, Jumapili

Mjomba amekuja. Nilimweleza polepole ili asijisikie vibaya. Hakujisikia vibaya hata kidogo. "Si niliwaambia televisheni hii ina kila kitu!" Amekula sahani mbili.

Aprili 2, Jumatano

Ugonjwa wa kwanza umepona. Wa pili unakomaa. Jana jua lilitoka na gemu ikateleza vizuri. Leo mvua, na picha inakwamakwama kama redio yenye betri za kuisha. Mnara sasa haulaumu mkono, anailaumu mvua. Nimeanza kuamini ni umeme kupungua.

Aprili 7, Jumatatu

Nimeazima kifaa cha kutuliza umeme kutoka maabara ya shule. Mvua imenyesha. Imekwama palepale. Nimekirudisha maabara.

Aprili 12, Jumamosi

Wiki hii nimeweka programu ndogo inayoonyesha pembeni mwa kioo joto la mashine. Siku za jua joto ni la kawaida. Leo imenyesha tangu alfajiri, mimi nimevaa sweta, na ile namba ikapanda, ikapanda, na ilipofika juu kabisa picha ikaanza kuganda. Maana yake mashine inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Hilo naelewa. Nisichoelewa ni kwa nini iungue siku ya baridi. Nimeenda kulitazama sanduku chumbani. Mama alisema, "Subiri mwanangu, navaa," nikasubiri. Nilipoingia sanduku lilikuwa kwenye kona yake, feni zinavuma. Nililigusa, lilikuwa la moto kama pasi. Nikamwomba mama afungue dirisha kidogo. Amesema mvua inapiga ndani. Ni kweli inapiga ndani.

Aprili 19, Jumamosi

Siku mbaya.

Mnara alikuwa katikati ya kushusha nondo, safi kabisa, na mvua ikinyesha. Picha ikaganda. Ilipoachia, nondo zilikuwa zimeshaanguka upande wa wafanyakazi. Ni vikatuni tu vyenye kofia za njano, vinaanguka na kuinuka. Lakini Mnara alitupa padi kwenye kochi kama imemuunguza.

"Mnara, unajua ni mashine. Joto limeonekana pale."

"Leo najua. Nimekwama mara ngapi sasa hata sijui ni lini ni mimi na ni lini siyo mimi? Juu kule nitakuwa peke yangu, Dada. Hutakuwepo na mkebe wako wa sukari." Akaenda kusimama mlangoni. "Nikiwa na wasiwasi nitachelewa hata kama mkono ni mzima. Jumatatu ijayo siyo hii, nampigia msimamizi. Naenda getini."

Mama alimletea chai. Alimwekea sukari yeye mwenyewe, akamkorogea, kama mtoto. "Umeamua vizuri," akamwambia.

Nimelia bafuni. Halafu nimenawa uso, nimepiga moyo konde. Nina wiki nzima.

Aprili 22, Jumanne

Nimesoma kuhusu joto mpaka macho yamevimba. Mvua.

Aprili 26, Jumamosi

Mama mdogo anaumwa, mama ameenda kumwangalia na kulala huko. Ameondoka asubuhi kwa mwavuli.

Mchana imenyesha mvua ambayo sijaiona msimu huu. Nimemwomba Mnara acheze. Amekataa. Nimemwomba tena, nikamwambia ni kwa ajili yangu, nataka kutazama namba tu. Akakubali kwa shingo upande.

Namba haikupanda. Tulingoja. Bati linapiga kelele mpaka tunasemezana kwa ishara, na gemu inateleza kama maji. Mizigo yote imeshuka kwenye mraba. Mnara amefurahi, anasema labda mashine imejiponya. Mimi nilikuwa natazama pazia la mlango wa mama.

Sitaki kuandika ninachofikiria.

Aprili 27, Jumapili

Nimekifikiria, na ndicho.

Mama alirudi asubuhi. Jua kali, hakuna hata wingu. Baada ya chakula nilimwambia Mnara acheze kidogo. Mama alikuwa chumbani akipumzika. Namba ikaanza kupanda. Siku ya jua! Picha ikaanza kuganda. Sikubisha hodi. Maisha yangu yote sijawahi kuingia chumbani kwa mama bila kubisha hodi na kujibiwa. Leo nilisukuma pazia nikaingia.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Sanduku lilikuwa limefunikwa blanketi, lile zito la sufu, limekunjwa mara mbili na kuchomekwa pande zote kwa uangalifu, vile anavyotuchomekea sisi tukiwa wagonjwa. Matundu yote ya hewa yalikuwa yamezibwa.

Nikafunga mlango. Huwa hatuufungi.

"Mama, hii ni nini?"

"Unyevu. Mvua inapiga dirishani."

"Leo hakuna mvua."

Akanyoosha pindo la shuka.

"Mama. Unajua inachofanya?"

"Siku ya kwanza sikujua," akasema. "Nilifunika kwa sababu ya mvua, kweli kabisa. Nikamsikia sebuleni anasema vidole havitaki. Nikafunua, akasema leo afadhali. Siku nyingine nikafunika tena. Sijasoma kama wewe, lakini siyo mjinga."

"Na mimi nahangaika! Umeniona nahangaika na umeme, na fundi, na..."

"Nimekuona."

Nilikuwa na maneno mengi, na mengi hayafai kusemwa kwa mzazi. Nilisema moja. "Unataka mwanao aamini ni kilema?"

Hapo ndipo akainua uso. "Nataka mwanangu awe chini! Wewe siku ile hukuwepo. Mimi ndiye nilipigiwa simu, nikaambiwa mama njoo, mwanao ameumia, na aliyepiga hakujua kama ni mkono au ni shingo. Nimekwenda njia nzima nikiomba iwe mguu, iwe mkono, iwe chochote. Nikapewa mkono. Nikashukuru. Unasikia? Nilishukuru alipoumia mkono. Sasa nyie mnataka nimrudishe kulekule."

Nilikuja na hasira za kubomoa nyumba na zikanishuka miguuni. Nilikaa kando yake. Siku zote nimemwona mama kama mtu wa kusema pole, mtu laini, na mimi ndiye mwenye kupigana ndani ya nyumba hii. Kumbe yeye alikuwa anapigana kila siku, nyuma ya pazia, kwa blanketi.

"Hata hivyo umemdanganya," nikasema.

"Nimemdanganya."

"Kesho anampigia msimamizi."

"Najua siku. Ndiyo maana nimefunika hata kwenye jua."

"Mimi sitamwambia, mama. Wewe ndiye utamwambia."

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mama. Kisha akasimama, akalivua lile blanketi, akalikunja vizuri kama nguo ya mgeni, akatoka nalo sebuleni. Nikabaki pale, na niliyasikia yote.

"Baba, zima kidogo hiyo kitu."

Alimwambia bila kuzungukazunguka. Alimwambia unyevu, alimwambia siku ya pili, alimwambia kushukuru kwa mkono. Mnara hakumkatiza. Halafu nikasikia feni tu, zinapumua.

"Ungeniambia unaogopa," Mnara akasema.

"Ningekwambia, ungeacha?"

"Nisingeacha."

"Basi."

"Lakini mama, mimi nilikuwa nalala najua mkono wangu umekufa. Kila siku. Ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

Alitoka nje bila viatu akaenda kusimama uani. Hakula. Mama naye hakula. Mimi nimekula, mtu mmoja lazima abaki na nguvu.

Aprili 28, Jumatatu

Nimetoka shule mbio. Hakupiga simu. Alikuwa anacheza. Mvua inanyesha na namba imetulia. Hajasema na mama.

Mei 1, Alhamisi

Hajasema na mama, ila ameshamtengenezea dirisha la chumba chake. Amelipigia ukingo wa mbao kwa juu ili mvua isiingie. Amegongelea misumari mwenyewe, mkono wa kulia umeshika nyundo. Mama alimshikia ngazi. Walikuwa wanaongea kwa "leta" na "shika" tu.

Mei 3, Jumamosi

Amempa mama padi. Mama amebomoa ukuta uleule niliobomoa mimi.

Mei 10, Jumamosi

Sasa kwa kuwa mashine haitudanganyi, tumepima mkono wenyewe. Mimi nawasha taa kwenye simu, yeye akiiona anabonyeza, video inarekodi. Kwanza kushoto, kisha kulia, tukarudia mpaka tukachoka.

Mkono wa kulia unachelewa. Ni kidogo sana, kwa jicho huoni, ila kwenye video upo nyuma ya kushoto. Nilitamani kufuta ile video. Nilitamani kusema simu imesogea.

"Nionyeshe," akasema, kwa sababu aliniona usoni.

Ametazama mara kadhaa, kwa utulivu ambao sikuutarajia. "Basi ndiyo huo," akasema. "Huo naufahamu. Huo naweza kufanya nao kazi." Akachukua simu, akampigia msimamizi, mbele yetu sote. "Bosi, mkono una nguvu, ila bado uko nyuma kidogo. Nimeupima. Nipime na wewe, na nikifaulu nianze na mizigo mepesi, mwendo wa chini, mpaka nikwambie." Sikusikia jibu. Nilimwona anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliacha kuchambua.

Mei 17, Jumamosi

Jua. Anacheza kwa mwendo wa chini tu, makusudi. Inachosha kutazama. Ni vizuri.

Mei 21, Jumatano

Hakuna mvua wiki nzima. Msimamizi kapiga. Jumamosi.

Mei 24, Jumamosi

Mama aliamka akasema anakuja. Hakuna aliyemwomba. Alivaa gauni lake la kutokea, na pale kwenye ujenzi wakamvika kofia ya njano iliyomfika kwenye nyusi. Tulisimamishwa nyuma ya kamba, mbali na mzigo. Matope yalikuwa bado hayajakauka.

Mnara alipanda ngazi za winchi taratibu, akipumzika njiani, mpaka akawa mdogo, mpaka akaingia kwenye kile chumba cha kioo hatukumwona tena. Mama alitazama viatu vyake muda wote huo.

Msimamizi alikuwa na redio ya mkononi. Mzigo ulikuwa pipa la maji lisilo na kifuniko, limejazwa hadi ukingoni. Kuliinua, kulivusha juu ya jengo, kulizungusha, kulirudisha kwenye alama ya chokaa. Msimamizi akasema, "Anza." Waya ukakaza. Pipa likaachana na ardhi, na mimi, mtu mzima, mwalimu wa fizikia, nikafumba macho.

Niliyafumbua kwa sababu mama alinishika mkono. Yeye alikuwa anatazama juu. Kofia ilikuwa imemwangukia kisogoni na mdomo uko wazi. Pipa lilikuwa linapita juu ya jengo polepole mno, hata mafundi waliokuwa wamekuja kushangilia walianza kupiga miayo. Likazunguka. Likasita hewani, likatulia, kisha likashuka. Lilipogusa chokaa maji yalimwagika kidogo upande mmoja.

Msimamizi alikwenda akachungulia ndani ya pipa, akaangalia matope yaliyolowa, akarudi. "Mwezi huu mizigo mepesi, kama alivyosema mwenyewe," akatuambia. "Aanze leo, kuna matofali pale yananisubiri." Akasema hivyohivyo kwenye redio. Kisha akamwona mama, na nadhani alimwona vizuri, kwa sababu alimpa ile redio na kumwonyesha pa kubonyeza.

Mama aliishika kwa mikono miwili. "Baba," akasema. "Baba, umemaliza. Shuka sasa, twende ukale."

Redio ikakoroma, halafu sauti ya Mnara ikaja, karibu kabisa, kama yuko kando yetu. "Nyie tangulieni, mama. Nina kazi."

Mama alibaki na redio kifuani. Mzigo wa kwanza wa matofali ulikuwa tayari unafungwa kwenye ndoano. Mwisho akamrudishia msimamizi redio yake, akaweka kofia sawa.

"Ana kazi," akamwambia.